Bwana Harusi Aliyezirai Mlangoni

Paukwa!
Pakawa!
Masikio yapo?
Yapo, na mioyo pia.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mkunga, Bibi Somoe. Mfupi, sauti yake ndogo, na haraka hakuijua hata siku moja. Mtu akizaliwa, aliitwa yeye. Mtu akiugua, aliitwa yeye.

Siku hiyo Mize alikuwa anaolewa. Alikaa chumbani, kajifunika, hina mikononi, akisikiliza ngoma za bwana harusi zikija. Ndu-ndu! Ndu-ndu! Jua la saa saba, jua kali. Machano, bwana harusi, kavaa kanzu, juu ya kanzu joho, kiunoni mshipi umekazwa. Ndu-ndu! Ndu-ndu! Akafika mlangoni. Puu! Akaanguka.

Ngoma zikanyamaza.

Wanawake wakaanza kulia. Mjomba wake Machano akamtikisa, akamwita, hakuitika. Kupitia dirisha la chumba Mize akamsikia mjomba akisema, "Amekufa. Huyu mwanamke ana nuksi. Hapa hapafungwi ndoa."

Bibi harusi hatoki nje kabla ya ndoa, hilo Mize alilijua. Akatoka.

Alimkuta Bibi Somoe kapiga magoti, katega sikio puani pa Machano, anatazama kifua. Kifua kinapanda, kifua kinashuka.

"Anapumua," alisema Bibi Somoe. "Amezirai. Sogeeni, mnamziba hewa."

Mtu mmoja akaja na kata ya maji amnyweshe.

"Usimtie maji kinywani. Aliyezirai hamezi, atapaliwa."

Akaamuru wamvute kivulini; wakamvuta kwa ncha za joho, wakarudi nyuma. Bibi Somoe akamfungua mshipi, akamvua joho.

"Sasa nani atamwinulia miguu?"

Watu bado walimsadiki mjomba. Nani aguse maiti?

"Mimi," akasema Mize.

Akachuchumaa, akainyanyua ile miguu, akangoja. Pumzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kope zikacheza, macho yakafumbuka.

"Nani kanishika miguu?" akauliza Machano.

"Mkeo, kama bado unamtaka," akajibu Bibi Somoe. "Umekula nini leo?"

"Sijala tangu juzi. Nikishika tonge namfikiria yeye, halipiti."

Mize akacheka. Wale waliokuwa wakilia nao wakacheka, wakacheka mpaka kicheko kikageuka vigelegele. Mjomba akamsogelea Mize, macho chini.

"Mwanangu, nimekutia jina baya. Nisamehe."

"Nimesamehe, mjomba. Waambie wapige ngoma."

Ndu-ndu! Ndu-ndu! Machano akapewa uji wenye asali, kidogo kidogo, na alasiri ndoa ikafungwa, bwana harusi kaketi kivulini.

Bibi Somoe alikufa mzee sana, lakini neno lake wajukuu wanalo: mtu akianguka, tafuta pumzi yake kabla ya kutafuta wa kulaumiwa.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyeisikia, na aichukue.