Kochi la Ulaya la Mwanjaa

Vuta kigoda nikupe hii, na ukishaisoma usiimeze peke yako. Mpelekee mwenzio aliyehamia nyumba mpya juzijuzi, unamjua.

Huko Muheza palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanjaa, mke wa Hoza. Walihamia nyumba yao mpya: kuta nyeupe, bati linameta, na ndani hamna kitu. Ukikohoa jikoni, sebule inakuitikia.

Walihamia pamoja na baba yake Hoza, Mzee Semndili. Mkewe alikuwa amefariki, na kule shamba mzee mwenyewe alianguka njia ya kisimani, akalala pale mpaka alipopita mchunga mbuzi. Ndipo Hoza akamleta mjini. Lakini mzee hakutulia. Alishinda barazani juu ya mkeka, kifurushi chake hakijafunguliwa, na kila kukicha swali ni lile lile.

"Mkwe wangu, gari la kwetu linapita saa ngapi?"

"Baba, pumzika kwanza."

"Nimepumzika. Nyumba nzuri. Linapita saa ngapi?"

Mwanjaa alijua mzee akirudi kule peke yake, siku moja wataletewa habari ambayo haina dawa. Akajisemea, hii nyumba ni tupu, ndiyo maana haimkai moyoni. Ngoja niijaze.

Akaenda kwa Fundi Kitojo. Kitojo ni mtu wa kununua viti na makabati kuukuu, akavigonga misumari, akavipaka vanishi, na vanishi ikikauka hakumbuki tena kavinunua wapi.

"Kochi hili limetoka wapi?" Mwanjaa akauliza.

"Ulaya, shemeji. Limeshuka na meli Tanga. Hata mimi mwenyewe sijathubutu kulikalia."

"Na kabati?"

"Vilitoka nyumba moja."

Mwanjaa akaamini, au tuseme alitaka kuamini. Vyombo vikaja juu ya mkokoteni, akavivika vitambaa vyake vya kufuma kwa mkono. Kochi likavaa, kabati likavaa, hata redio ikavaa. Sebule ikakaa kama bi harusi anayesubiri kutunzwa.

Angenyamaza hapo, yasingetokea yaliyotokea. Lakini kesho yake, kwenye bomba la maji, ulimi ukamteleza.

"Jamani mgongo wangu. Vitu vya Ulaya vinataka kufutwa asubuhi na jioni."

Wanawake wakatazamana juu ya ndoo. "Hongera, mwenzetu," akasema Mama Kidawa wa nyumba ya tatu. "Ijumaa tunakuja kuipongeza nyumba."

Na mzee je? Mzee ndiyo kwanza akazidi. Kochi lilipoingia ndani, yeye na mkeka wake wakasogea karibu na lango. Akiambiwa aje akae kitini, anajibu, "Hapa pananitosha." Ijumaa ilipofika aliamka mapema, akavaa kanzu na koti, akasema siku hiyo anaondoka na gari la jioni. Hoza akakata tamaa. "Mwache," akamwambia mkewe. "Baba akishaamua, kaamua."

Basi Mwanjaa akawapokea wageni huku akimtupia mzee jicho kule langoni. Huyu kaja na sukari, huyu na majani ya chai, yule na kuku anapiga kelele kwapani.

Bi Mwanamvua, mkubwa wa mtaa, akajitupa kwenye kochi. Kochi likalia. Akainuka kidogo, akakaa tena, likalia vile vile. Akafunua kitambaa cha mkono wa kochi polepole, kama anayefunua chungu cha jirani. Chini yake pana alama nyeusi ya kuungua, yenye ncha.

"Mama Kidawa, hebu njoo. Kumbe Ulaya nako watu wanasahau pasi kwenye mkono wa kochi?"

Mama Kidawa alikuwa amesimama mbele ya kabati, kashika kiuno. "Usiseme, dada. Hili nalo, kama ni lile ninalolijua, halitaki ufunguo. Linataka goti." Akalipiga goti. Mlango ukafunguka, vikombe vyote hadharani.

"Kochi langu hili," akasema Bi Mwanamvua. "Nilimuuzia Kitojo wanangu waliponiletea jipya, kama wewe ulivyomuuzia kabati lako."

Kicheko kilichopigwa hapo, kuku alinyamaza. Mwanjaa alitamani ardhi immeze. Angeweza kubisha. Angeweza kumtukana Kitojo na ukoo wake. Lakini alipomwona Mama Kidawa analipiga kabati goti la pili, kama anamsalimia shoga wa zamani, kicheko kikamkamata na yeye. Akavua vitambaa vyote, akavitupa kapuni.

"Basi, Ulaya yenyewe ndiyo nyinyi. Kila mtu akae kwenye chake."

Wakakaa, na maneno yakaanza. "Kochi hili," akasema Bi Mwanamvua, "marehemu mume wangu akinuna, ndipo alipokuwa akilala. Na alikuwa mnunaji yule, Mungu amrehemu."

Mara wakaona kichwa mlangoni. Mzee Semndili, kifurushi kwapani, amesimama nje ya kizingiti.

"Kwa hiyo si la Ulaya?"

"La hapa hapa, Baba," Mwanjaa akajibu kwa sauti ndogo. "Unisamehe. Ni kuukuu."

"Na likivunjika?"

"Kitojo atagonga msumari," akadakia Bi Mwanamvua.

Mzee akashusha pumzi ndefu. "Mwanangu, mbona hukuniambia? Tangu nimeingia hapa naogopa. Sakafu inang'aa kama sahani, ukuta mweupe, na miguu yangu hii ya shamba. Ulipoleta na vya Ulaya nikasema, Semndili, ondoka kabla hujaharibu mali ya watoto."

Kumbe kila alichokipamba Mwanjaa ili mzee abaki, ndicho kilichokuwa kikimfukuza.

"Ingia, mzee mwenzangu," Bi Mwanamvua akasogea. "Hili limebeba vizito kuliko wewe."

Akaingia. Akakaa. Kochi likalia, akainuka, akakaa tena kusudi, akacheka mpaka koti likamvuka begani. Akanywa chai, akaongezwa, akanyoosha miguu, na usingizi ukamchukua pale pale katikati ya soga za wanawake.

Bi Mwanamvua akamchungulia. "Na huyu naye kanuna?"

"Hapana," akasema Mwanjaa. "Amefika."

Mpaka leo Bi Mwanamvua hupita pale kila alasiri. Anasema anakwenda kulijulia hali kochi lake. Mtaa una maneno yake, mimi simo.

Funzo: Ukipamba nyumba ili watu waishangae, wataishangaa wakiwa wamesimama. Ukitaka wakae, waambie ukweli wa viti vyako.