Mkaja wa Mwanakheri

Kaeni vizuri niwape kesi. Niliwahi kuipeleka kwa mahakimu wawili na shekhe mmoja, na wote watatu wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani. Kwa hiyo mkishindwa, hamtakuwa wa kwanza.

Palikuwa na wanawake watatu wa baharini, kila mmoja na kipaji chake.

Bibi Kolekole, samaki mzee, kipaji chake kilikuwa ngozi. Zamani yeye na dada zake walikimbizwa na samaki mkubwa, wakaingia kwenye nyuzi za konyeza, yule mdudu wa baharini laini kama uji uliopoa, awashaye kuliko upupu. Dada zake waliungua wakafa. Yeye ute wa ngozi yake ulikuwa mzito kidogo, akatoka hai. Akazaa, na ute ule ukashuka kwa watoto na wajukuu.

Mama Kolekole, binti yake, alijua maji. Hakutaga mwambani, kwenye vinywa vya majirani. Alingoja maji yatoke, akaachia mayai mkondoni yapelekwe mbali, huko wanakoelea makonyeza.

Wa tatu ni Konyeza mwenyewe. Hana ubongo, hana moyo, hana mfupa. Msinibishie, mimi nimempasua kwa mkono wangu! Lakini ana mwavuli, na chini ya mwavuli zipo nyuzi zisizomwogopa mtu.

Basi yai moja la Mama likaanguliwa huko kwenye kina, akatoka Mwanakheri. Alipofikia ukubwa wa ukucha, nguru akamwona. Mtoto akakimbia. Kwa kuwa maji ya Mama yalimfikisha pale, mbele yake akamkuta Konyeza. Kwa kuwa alikuwa na ute wa Bibi, alijitosa kati ya nyuzi asiungue. Nguru naye akajitosa, nyuzi zikamchapa usoni, akarudi alikotoka. Mwanakheri akaishi chini ya mwavuli ule, akala makombo ya Konyeza, akakua, akaja mwambani kwao akiwa mwanamwali.

Posa ikaja siku maji yalipojaa, yakamleta na Konyeza mpaka mwambani. Mshenga, Mzee Chewa, akaleta kila kitu pamoja na mkaja, ile nguo anayopewa mama wa bibi harusi kwa ajili ya tumbo lililozaa. Ulifumwa kwa mwani, na ulikuwa mmoja tu. Mama asipoupokea, bibi harusi hatoki.

"Mama ni nani hapa?" Chewa akauliza.

Wawili wakanyoosha mapezi. Asiye na pezi akanyoosha uzi.

"Lete huku," Mama akasema. "Nimemtaga mimi."

"Ukamwaga ukaenda zako, shoga!" akadakia Konyeza. "Hata jina nimempa mimi."

"Na ndugu zake uliowala, uliwapa majina gani?"

Konyeza akanywea kidogo. "Wale ute wao ulikuwa mwepesi, wakanasa. Nami ni mlaji, sikatai. Lakini huyu naye mbona alinitafuna kingo za mwavuli kila njaa ilipombana? Nililalamika? Mtoto gani hamli mama yake?"

Bibi akacheka. "Mmesikia? Ute! Ute wa nani? Ute huo nimefiwa na dada zangu kuupata. Tena, Konyeza mwanangu, mkaja utaufunga wapi? Kiuno huna."

"Na wewe, bibi, tumbo lililomzaa unalo?" Konyeza akamrudishia.

Wakamgeukia bibi harusi. Mwanakheri akainamisha kichwa. "Nikimtaja mmoja, wawili wataondoka na radhi zao. Nami nitaolewaje bila radhi?"

Chewa akatazama juu. "Maji yameanza kutoka. Mkichelewa, narudi na mkaja wangu na bwana harusi wangu."

Na Konyeza, jamani, hawezi kushindana na mkondo. Maji yakitoka yanamchukua, na huko aendako harudi. Tayari ameanza kuvutwa, uzi mmoja umemgusa Mwanakheri begani. Mama amekinga pezi aupokee mkaja.

Msiniambie ukatwe vipande vitatu, mkaja uliokatwa haufungi tumbo la mtu. Wewe unayecheka huko nyuma, umekabidhiwa mkaja na maji yanakwenda: unamfunga nani?