Chumba Kisichotaka Vumbi

Mwiba ni kitu kidogo, lakini udogo wake hauuzuii kuchoma. Anayeuchomoa mapema husahau. Anayeupuuza huja kuutafuta wakati mguu umekwisha kuvimba. Hayo yalijulikana vyema katika maabara moja ya chuo kikuu iliyochunguza vitu vidogo kuliko vumbi, na aliyeyasema kwa ufasaha kuwapita wote ni mtu waliyempachika jina la Redio.

Kazi yake ilikuwa kuwafafanulia wananchi na wanafunzi teknolojia ya nano, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Ng'oeni unywele mmoja," aliwaambia watoto, "mgawanye unene wake mara elfu themanini. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia!" Watoto walibaki vinywa wazi. Yeye mwenyewe alikuwa ameyarudia maneno hayo hata yakawa yanamtoka mdomoni bila kupitia moyoni.

Mdogo wake wa kike alikuwa mtafiti humo humo. Mama yao alifariki kwa maradhi ya figo, yaliyomnyemelea kimya kimya hata yakagunduliwa maji yakiwa yamemfika shingoni. Tangu mazishi yale, mtafiti alijifunga kibwebwe kutengeneza kisahani kidogo kama ukucha, ambacho kingepokea tone la damu na kuyatambua maradhi hayo kabla mgonjwa hajahisi lolote. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa wa ukoo, walikubaliana kwamba siku ya kuwakaribisha wananchi tone la kwanza liwe la Redio.

"Mimi mzima kama kigongo," Redio alisema. "Lakini kwa ajili yako, mdogo wangu, chukua hata ndoo nzima."

Siku ikawadia. Kisahani kilibakiza hatua moja, kuwekewa kifuniko, ndani ya chumba ambamo hewa huchujwa na watu huvaa ovaroli, glavu, kofia na barakoa hata yakaonekana macho tu. Mtafiti alikuwa amekiinamia kikiwa wazi. Redio alisimama kando yake, akiwahutubia wanafunzi waliojazana nje ya dirisha la kioo.

"Hatusikii!" walipiga kelele.

Redio akashusha barakoa, akavua na kofia.

"Kaka, vaa!" mtafiti alisema bila kuinua kichwa. "Nakuomba. Chembe moja ya ngozi ikidondoka hapa ni jabali."

"Nawe umezidi! Vumbi gani hilo hata halionekani? Watoto wa watu wametoka mbali." Akajikuna kichwa, akacheka, akapaza sauti: "Ng'oeni unywele mmoja!" Watoto wakamshangilia.

Alasiri, mbele ya umati, tone lake la damu likawekwa. Kisahani hakikujibu kitu. Chini ya darubini, vijia vyake vilikuwa vimezibwa na magamba ya ngozi. Mtafiti alitazama, kisha akampisha kaka yake naye atazame. Redio alitazama, mkono ukamwendea kichwani pale alipojikuna.

Mitambo ya kutengenezea kisahani kingine ilikuwa na foleni ndefu, na zamu yake isingerudi kabla ya mwaka kwisha.

"Basi nenda hospitali wakupime," mtafiti alimsihi, "ingawa vipimo vyao huchelewa kuona."

"Nitakwenda," Redio alijibu. Hakwenda, kwani hakuumwa popote.

Asubuhi moja viatu vyake vilikataa kuingia. Miguu ilikuwa imevimba kama ya mama yake siku zile. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu mkononi, akaogopa kama mtoto. Kisahani cha pili kilipokamilika, kilieleza yale ambayo miguu ilikwisha kuyatangaza.

"Kile cha kwanza kingejua?" aliuliza.

Mtafiti alimshika mkono. Alitamani kumdanganya, akashindwa. "Kingejua, kaka. Mapema kabisa."

Siku ambazo hayuko hospitali akisafishwa damu, Redio huketi nje ya kioo kile, miguu ndani ya ndala, akizungumza na watoto kwa sauti ndogo. Habari za unywele hazitaji tena. Huwaonyesha kile kisahani cha kwanza chini ya darubini. "Gamba hilo mnaliona?" huwauliza. "Ni langu." Kisha huinua pindo la suruali wajionee wenyewe, na hakuna anayecheka, kwa maana hapo hata aliye mdogo kuliko wote hufahamu kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.