Mdomo wa Mtemi na Jina la Mtoto

Hapo zamani, zamani ile ambayo kila msimulizi huapa kwamba babu yake alikuwepo (wangu hakuwepo, alikuwa safarini, na katika ukoo wetu safarini ni neno la heshima la kupotea njia), palikuwa na mji wa warina asali uitwao Igombwe. Mtawala wake aliitwa Mtemi Lusewa. Asubuhi Mtemi alitunga sheria. Adhuhuri Mtemi aliketi kigodani akawahukumu waliovunja sheria. Alasiri Mtemi aliwatuma askari wake wakawaadhibu aliowahukumu. Mdomo ule ule, kigoda kile kile, mkuki ule ule. Watu walizoea. Walisema Mtemi ni mmoja kama jua, na jua likimuunguza mtu walimpa pole wakamsogeza kivulini.

Katika mji huo aliishi Kalekwa, mke wa Shija. Kalekwa alikuwa na mimba pevu, na haja yake ilikuwa moja tu: kuzalia nyumbani kwake, chini ya paa aliloliezeka kwa mikono yake mwenyewe. Si jambo kubwa. Lakini mumewe alikuwa Shija, mtu mwema sana, ambaye kazi ikimshinda kuifanya polepole huifanya haraka.

Igombwe mizinga hufushwa moshi jioni, nyuki wakiwa wamepoa. Kila mtu anajua, na Shija alijua. Ila siku hiyo Kalekwa alitamani asali, na mwenye mimba haambiwi asubiri. Shija akapanda mtini jua la utosi, akafusha. Nyuki wakatoka kundi zima, wakapita juu ya mashamba, wakaziacha pua zote za mji, wakaenda kumuuma Mtemi mdomoni.

Mdomo ukavimba ukawa kama kiazi. Hukumu ilijulikana hata kabla ya kutamkwa: kufukuzwa. Aliyefukuzwa Igombwe huezuliwa paa, moto wake humwagiwa maji, kisha huvushwa bonde la fisi yeye na wa nyumbani kwake. Lakini mila ilitaka hukumu itamkwe, tena isikike. Mtemi akatamka. Hapakusikika kitu.

"Amesemaje?" askari mmoja akanong'ona.

"Nadhani amesema inauma," mwenzake akajibu.

Basi wakaamua kungoja uvimbe ushuke. Kalekwa hakungoja. Alikwenda kwa Nyamizi, mjane aliyekuwa msemaji wa baraza la mji, mwenye sauti ya kufukuzia ndege shamba la tatu.

"Shangazi, mdomo ule ukipona, mimi nazalia kwa fisi."

"Basi tuombe upone polepole. Keti, mwanangu. Nani kaumwa?"

"Mtemi."

"Nani anashtaki?"

"Mtemi."

"Nani shahidi?"

"Mtemi. Mdomo wenyewe anao."

"Na nani atahukumu?"

"Mtemi," Kalekwa akajibu, safari hii polepole. Alikuwa ameishi Igombwe tangu kuzaliwa, na hakuwahi kuyapanga majibu hayo mstari mmoja.

"Hata kwenye bao," Nyamizi akasema, "anayecheza hatumwachii aamue kete ya mwenzake imelala shimo gani."

Akaliita baraza. Wazee wakabisha. Wakasema kigoda na mkuki havijatengana tangu enzi za mababu. Nyamizi akawaambia mababu hawakuwa wajinga, walibahatika tu kupata watemi wasioumwa na nyuki. Wakacheka, na mtu akishacheka huwa amekwisha kufungua mlango nusu. Hadi kufika alasiri walikuwa na sheria mpya: baraza litunge sheria, Mtemi atawale na kuulinda mji, kigoda cha hukumu kivushwe ng'ambo ya kijito, kikaliwe na mtu asiyekula jikoni kwa Mtemi, wala Mtemi asimwondoe kwa kuwa hukumu imemuudhi. Na kigoda kikisema, mkuki ufuate.

Ikabaki Mtemi akubali. Kukubali kwa Igombwe ni kuchovya kidole kwenye unga na kuugusa mlango wa baraza. Kukataa ni kutikisa kichwa, na kichwa cha Mtemi hakikuwa na uvimbe wowote. Alimtazama Nyamizi. Alilitazama tumbo la Kalekwa. Kalekwa aliona macho yake yamelowa, ila kwa mdomo ule nani angejua yamelowa kwa nini? Kisha Mtemi akachovya kidole, akaugusa mlango.

Aliyepewa kigoda alikuwa Mzee Lugwisha, shemeji yake Mtemi, mtu mwenye kusema kweli na kupenda supu. Miaka mingi alikula kwa dada yake, jikoni kwa Mtemi. Sasa akavuka kijito na sufuria yake. Ugali wake wa kwanza uliungua ukanuka mpaka ng'ambo ya pili. Watu wakamcheka. Akaula.

Siku ya kesi Mtemi alikuwa na mdomo wa kutosha kusema. Akasimama kama mshtaki. Hakuwahi kusimama mbele ya kigoda, hata mikono hakujua aiweke wapi.

"Shemeji," akasema, "wewe mwenyewe unaniona nilivyo."

"Hapa sina shemeji," Lugwisha akamjibu. "Sogea pale, ulingane na Shija."

Akawasikiliza wote wawili. Kisha akasema: "Shija amekosa. Amefusha mchana, na asali yake ya msimu huu itakwenda kwa Mtemi. Lakini kufukuzwa ni kwa muuaji na mchoma nyumba. Mzembe tukimfukuza, mji huu atabaki nani? Paa la Kalekwa lisiguswe."

Mkewe Mtemi, dada yake Lugwisha, akainuka akaondoka bila kumtazama. Mtemi akageuka kwa Masele, mkuu wa askari.

"Masele. Kaezue."

Neno moja. Kalekwa akakimbia kama mwenye mimba anavyokimbia, akaushika mwimo wa mlango wake, na hapo ndipo uchungu wa kwanza ulipomshika yeye. Askari wakafika, Mtemi mbele yao. Masele huyu alikuwa yatima aliyeokotwa na Mtemi, akalelewa, akaozwa, akapewa mkuki. Aliutazama ule mkuki, akaulaza chini miguuni pa Mtemi.

"Baba, huu ni wako. Ukiutaka, uchukue. Lakini neno la kuezua halikutoka kigodani."

Mtemi akainama. Akauokota. Askari wengine wakamtazama, kila mmoja mguu mmoja mbele, wakingoja. Kalekwa aliusikia mwimo ukilia mikononi mwake. Mtemi akakaa na mkuki ule muda wa mtu kumaliza kikohozi kirefu, kisha akaurudisha mkononi mwa Masele.

"Shika. Fisi wakija, nani atalinda watu?"

Akaenda zake. Na Kalekwa akajifungua mtoto wa kike chini ya paa lake.

Sasa, Igombwe mtoto hupewa jina la mtu aliyemfanya azaliwe salama, na mtu huyo huwa somo wake. Jina la mwanamume kwa binti si neno. Somo humsemea mtoto barazani maisha yake yote, na mtoto akikosewa, somo ndiye husimama. Lakini jina ni moja. Mtoto mwenye masomo wengi hulala njaa, kila mmoja akidhani mwenzake kashampa uji. Nalo hutolewa siku kitovu kinapodondoka, kabla jua halijazama.

Kitovu kikadondoka. Wakaja.

Nyamizi akasema, "Mwanangu, mimi nilisema kabla hajasema mtu. Bila sheria ile, Lugwisha angekuwa anakunywa supu, na Masele angekuwa juu ya paa anaezua. Mtoto ni somo wangu."

Lugwisha akasema, "Sheria ni maneno, Nyamizi, na maneno hayana shemeji. Mimi ninaye, na nilimtazama machoni. Dada yangu hanisemeshi. Ugali wangu mnaujua. Mtoto ni somo wangu."

Masele akasema, "Mzee, hukumu yako ilikuwa pumzi ng'ambo ya kijito. Ingefika hapa ingekuta miti mitupu. Ninyi mlimpinga Mtemi. Mimi nilimpinga baba. Mtoto ni somo wangu."

"Na nyuki je?" Shija akauliza. "Bila nyuki..."

"Mume wangu, shika mtoto, unyamaze," Kalekwa akasema.

Mtemi alikuja wa mwisho, peke yake, bila askari. Akaketi chini, karibu na kizingiti.

"Hawa watatu walikataa kilichokuwa changu," akasema. "Kukataa cha mwenzio si kazi kubwa. Mimi nilikuwa nacho. Nilichovya kidole, na ningeweza kutikisa kichwa. Niliushika mkuki, na askari walikuwa wananingoja."

"Ulisema kaezue, baba," Masele akamwambia, taratibu.

"Nilisema," Mtemi akajibu. "Na paa liko wapi?"

Wote wakaangalia juu. Paa lilikuwa pale pale.

Kalekwa akamchukua binti yake kutoka kwa Shija. Akamwaza Nyamizi, aliyempa maneno. Akamwaza Lugwisha, aliyepoteza dada. Akamwaza Masele, aliyeuweka chini mkuki bila kujua utaokotwa ufanye nini. Akamtazama Mtemi, ambaye aliwahi kuwa hatari yake yote, ameketi vumbini akisubiri kama jirani yeyote. Siku binti huyu akikosewa, pengine na mwenye nguvu kuliko wote, mmoja tu kati ya hawa ndiye atakayesimama.

Akafungua kinywa kulitaja jina.

Haya, semeni ninyi mliokaa kitako, na semeni upesi, jua la Igombwe linazama na mtoto anangoja: kati ya aliyeitunga sheria, aliyehukumu kwa sheria hiyo, aliyeitii na aliyejinyima kwa ajili yake, je, nani alistahili kuwa somo wa mtoto?