Upenyo Ulioleta Joto

Nimewaona. Msidhani nilikuwa nimefumba macho wakati wa wimbo. Nimemwona mzee wetu wa kanisa akizunguka kufunga madirisha, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye lile la mwisho ambalo komeo lake limevunjika. Nikasema moyoni, hapo kapatikana. Wapi! Kamvua mke wake kitenge mabegani, kafungia dirisha. Mama amebaki anatetemeka, lakini kanisa zima mmemwangalia mzee kwa shukrani.

Simlaumu. Mwezi wa saba huku Makete si mchezo, leo asubuhi maji ya ndoo nimeyakuta yameshika ganda juu. Ila kile kitenge kimenifanya niache mfano niliokuwa nimeuandaa, niwape mwingine. Sogeeni, mnisikilize.

Kulikuwa na mwanaume mmoja, mtu wa nchi ya baridi kama hii yetu. Alikuwa na vitu viwili vya zamani alivyovipenda sana: mama yake na gari lake. Msicheke, ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na mama yake alikuwa akicheka kuliko nyie.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, na alilinunua likiwa tayari limeshazeeka. Raba za milango zilikuwa zimekakamaa na kupasuka kama visigino vya mtu asiyevaa viatu. Upepo uliingia chini ya milango, uliingia kwenye kingo za kioo cha mbele, uliingia hata kwenye buti. Na kioo cha mlango wa nyuma, upande anaokaa mama, kilikuwa na tabia yake. Gari likipiga shimo, kioo kinadondoka chote ndani ya mlango, pwaa! Inabidi mtu ashuke, akivute juu kwa viganja, akibane na kipande cha boksi.

Kila mwezi alikuwa akimpeleka mama yake kliniki Njombe. Mama anakaa nyuma, kajikunyata ndani ya blanketi, meno yanagongana, na maneno hayamwishi. "Mwanangu, hili si gari, ni kichanja cha kuanikia mahindi. Upepo unaingia huku, unatokea kule."

Yule mwanaume alikuwa anaumia. Mtoto gani asiumie? Mama aliyekubeba mgongoni, leo wewe ndiye unayembeba, na unambebea kwenye baridi.

Sasa, sehemu moja tu ya gari lile ilikuwa na joto: chini ya dashibodi, penye miguu ya watu wa mbele. Na hapo pana jambo. Hita ya gari ilikuwa imekufa zamani, mabomba yake fundi mmoja alishayakata kabla hata gari halijauzwa. Lakini joto lilikuwa linatoka! Kidogo kidogo, tamu, safari nzima. Wageni wakipanda walisema, "Gari lako linanuka moshi." Yeye akacheka, akawaambia, "Gari la zamani ni kama mzee, lina harufu yake." Harufu yenyewe alikuwa ameshaizoea, haisikii tena.

Siku moja akaamua yaishe. Akapeleka gari kwa fundi, akamwambia, "Mama yangu anateseka na baridi. Ziba kila penye upenyo, usiache hata pa kupita sisimizi."

Fundi akafanya kazi, na alikuwa fundi kweli. Akabandua raba zote za milango, akaweka mpya. Akapitisha silikoni kuzunguka kioo cha mbele. Akaziba matundu ya sakafuni. Kile kioo cha mama kifaa chake hakikupatikana, basi akakikaza kwa kabari ya mbao. Mwisho akalala chali, akaingiza mkono chini ya dashibodi, akatoka na vumbi jeusi kwenye vidole.

"Bosi, hapa pia pameoza. Boksi la hita lilikuwa na sponji, inaziba pale linapokutana na ule ukuta wa bati unaotenga injini na watu. Sponji imekwisha, imekuwa unga. Tung'oe dashibodi niweke nyingine."

"Panaingiza baridi hapo?"

"Baridi hapana. Panaingiza joto."

"Sasa joto unaliziba la nini?"

"Bosi, hita yako ilishakufa. Hili si joto la hita, hii ni hewa ya kwenye injini, na eksozi yako, bomba la moshi, nayo naisikia inavuja palepale. Mimi joto hili siliamini."

Yule mwanaume akamshika bega. "Fundi, mimi nimekuletea shida ya baridi, wewe unahangaika na joto. Pakaushie hapo, paache kama palivyo. Ndipo pekee panapotupendeza."

Mmemsikia? Hakuuliza joto linatoka wapi. Aliuliza kama ni joto.

Siku ya kliniki ikafika. Mama akaingia nyuma, mke wake yule mwanaume akakaa mbele, milango ikafungwa. Na ilifungwa kwa sauti nzito, kama milango ya gari jipya. Wakaondoka. Mama akasubiri upepo, upepo haukuja. Akasubiri tena. Halafu kwa mara ya kwanza akalishusha blanketi mabegani, akasema, "Eh! Leo niko jikoni kwangu." Akaanza kuimba. Mwanawe alimtazama kwenye kioo kidogo, machozi yakamlengalenga kwa furaha. Hata mimi ningelia.

Barabara ikapanda, ikaingia kwenye msitu wa misindano. Mama akaacha kuimba.

"Baba Ambwene," mke akasema, "kichwa kinanigonga."

"Ni njaa. Tutakunywa chai mbele."

Naye kichwa kilikuwa kizito, akajiambia ni kwa sababu ya kuamka mapema. Wakaenda. Mke akageuka nyuma, akamwangalia mama mkwe wake muda mrefu.

"Mama amelala. Mbona hajawahi kulala humu garini?"

"Kwa sababu hajawahi kupata joto humu garini."

Ndugu zangu, hebu tusimame hapo. Mnaona hatari iko wapi? Hakuna damu. Hakuna jambazi barabarani, breki zinashika, dereva hajanywa. Watu watatu wanaopendana wamekaa kwenye joto, na katika lile joto mna sumu ya moshi ambayo jicho haliioni na pua haiijui. Zamani upepo ulikuwa unaifukuza. Leo haina pa kutokea, kwa sababu kila pa kutokea mtoto mwenye upendo amepaziba. Mama yake anakufa nyuma yake taratibu, na yeye anaendesha polepole ili asimwamshe.

Gari likapiga shimo.

Kabari ikaruka. Kioo cha mama kikadondoka ndani ya mlango, pwaa! Na baridi ya mlimani ikaingia yote kwa pamoja, ikampiga mama usoni. Akashtuka, akafumbua macho, akafoka kwa sauti iliyolegea, "We mtoto! Unataka kuniua?"

Yule mwanaume alikasirika sana. Kazi yote ile, na bado kioo hiki kinamwaibisha! Akasimamisha gari, akafungua mlango, akashuka kwenda kukirudisha. Miguu ikakataa. Akajikuta amekaa kwenye majani kando ya barabara, mikono haina nguvu. Mke akatoka upande wa pili, ameshikilia mlango, anatapika. Yeye akainua kichwa, akamwona mama yake ndani anapapasapapasa akitafuta blanketi, halioni, na blanketi liko mapajani mwake.

Hapo ndipo sauti ya fundi ikamrudia. Joto hili siliamini.

Sijui alipata wapi nguvu. Akaifungua milango yote. Akamkumbatia mama yake, akamtoa, akamlaza kwenye majani, penye upepo mkali, wakamfunika blanketi mwili mzima isipokuwa uso.

"Mama, vuta pumzi."

"Baridi, mwanangu."

"Hiyohiyo, mama. Ivute."

Mama akavuta. Akavuta tena. Rangi ikamrudia usoni, na maneno yakamrudia, na mkimjua mama yule mtajua maneno yakirudi maana yake amepona. Dereva wa lori la mbao akasimama, akawachukua hadi kituo cha afya, vioo vyote vikiwa chini.

Lakini kabla lori halijafika, mwanaume yule alipiga magoti pale barabarani. Alikuwa anatazama gari lake, milango minne wazi, upepo unaingia huku unatokea kule. Akawaza: ile sponji haikuoza jana. Eksozi haikuanza kuvuja leo. Basi sumu hii imekuwa ikiingia miguuni petu kila mwezi, kila safari, mama akiwa nyuma. Mbona hatukufa?

Na jibu lilikuwa linampuliza usoni. Hawakufa kwa sababu ya matundu. Ule upepo aliouonea aibu, ule uliomgonganisha mama yake meno, kila safari ulikuwa unaingia, unaibeba sumu, unatoka nayo. Walikuwa wanaokolewa safari baada ya safari, na kila walipookolewa walilalamika. Aliyewalinda walimwita adui, wakalipa fundi amfukuze. Na siku walipofanikiwa kumfukuza, alirudi kupitia kioo kibovu.

Jamani! Mimi nikilifikiria hilo, mwili unanisisimka. Kuna wema mkubwa kiasi hicho unaotuzunguka, wala hauna haja ya kujitambulisha. Unakubali kutukanwa mradi sisi tufike.

Sasa sisi.

Sisemi kila baridi ni baraka. Mwenye nyumba inayovuja akaezeke, mwenye mtoto asiye na sweta amnunulie. Na gari la yule mwanaume baadaye liling'olewa dashibodi, sponji mpya ikawekwa, eksozi ikatengenezwa, hata hita ikafufuliwa. Kuziba si dhambi. Nawauliza tu, tunaziba wapi?

Kwa sababu mimi nawajua, na ninyi mnanijua. Yule ndugu anayekwambia ukweli hadi unakosa usingizi, umeshamwekea raba mlangoni, siku hizi akija wewe "umetoka." Mke akiuliza mbona umebadilika, hiyo ni baridi, paka silikoni. Mtoto akisema, "Baba, ukinywa nakuogopa," ziba haraka. Lakini kale kaupenyo ka chini ya dashibodi, hako hatukagusi. Yule rafiki anayekwambia wewe huna kosa, ni wao. Lile kundi la simu ambalo kila siku tunamchambua mtu mmoja na tunacheka vizuri. Ile chuki ya zamani unayoiota usiku kama moto. Inanuka kidogo, ndiyo, wageni wanasema inanuka. Sisi tumeshazoea. Tunauliza ni baridi au ni joto. Hatuulizi inatoka wapi.

Na tukishakuwa tumeziba vizuri pande zote, tumekaa na joto letu, tunasinzia. Tunaita amani.

Mama yule bado yuko hai. Gari sasa lina hita nzuri, halina moshi, na kioo chake kimepata kifaa kipya, kinapanda na kushuka kama cha mfalme. Siku ya kliniki ilipofika tena, mwanawe akampakia, akafunga mlango, akakipandisha kioo mpaka juu. Mama, yule wa kichanja cha mahindi, yule aliyelalamika miaka yote, akashika mpini akakishusha mwenyewe, vidole viwili hivi. Upepo ukaingia. Akajifunika blanketi lake.

"Mama, si utasikia baridi?"

"Nitasikia, mwanangu. Ndivyo nitakavyojua bado nipo."

Tusimame tuombe. Ila kwanza, mzee wangu, nenda pale dirishani. Ndiyo, pale. Mrudishie mama kitenge chake.

Haya. Mmeisikia baridi ilivyoingia? Vuteni.