Mstari Alioachiwa Masunga

Mwanamke mmoja alikuwa na maiki. Jina lake Bi Kabula, na ujanani alikuwa akichana mistari mbele ya mashine ya kusaga nafaka, pale ambapo injini iliunguruma mchana kutwa na vijana wa mtaa wakaufanya muungurumo ule kuwa mdundo wao. Maiki ile hakuinunua. Alikabidhiwa na aliyemtangulia, na huyo naye alikabidhiwa na mwingine, wala hakuna aliyejua ilianzia kwa nani. Sasa kifua kilikuwa kikimbana na sauti imemwishia. Akatangaza shindano, kwamba ataitoa kwa aliye bora katika kizazi kipya.

Kijiwe kile kilikuwa na desturi moja. Anayepokea maiki hasemi la kwake kwanza. Huanza kwa kurudia mstari wa mwisho wa mwenzake aliyemtangulia, kisha juu ya mstari huo hujenga wa kwake. Asiyefanya hivyo hajachana, amepiga kelele tu.

Aliyeitamani maiki kuliko wote ni Masunga. Tuseme haki, kijana alikuwa anajua. Vina vyake vilifuatana kama ng'ombe waendao mtoni, na watu walipobishana vibarazani kuhusu nani mkali wa kizazi kipya, jina lake lilitajwa kwanza. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Masunga alianza kuiogopa mistari ya wenzake, akihofu kwamba ikimwingia kichwani itamchafulia yake. Tena alikuwa akiota ndoto moja ile ile: ameishika maiki, amefungua kinywa, na badala ya sauti unatoka unga mweupe, laini, usiokwisha, na watu wanapiga makofi. Kila alipoamka alikuwa na furaha, kwa sababu ya makofi.

Siku moja kabla ya shindano alimfuata rafiki yake Ndaki, ambaye angechana kabla yake. Akamwomba amtajie mapema mstari atakaomalizia, ili naye aandae wa kuujibu. Ndaki alikuwa amekaa mlangoni kwao, na ndani mama yake alikuwa hoi kitandani, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua. Ndaki akamtajia: "Mimi ndimi jiwe la mashine, mahindi yote hupita kwangu." Masunga akashukuru, akaenda zake. Habari za mgonjwa hakuuliza. Haikuwa roho mbaya. Kichwani mwake hapakuwa na nafasi.

Siku ilipofika, unga ulikuwa umetanda hewani na jua likipita ndani yake, hata kila kitu kikawa cheupe na cha mbali, na vijana wote wakaonekana wana mvi. Masunga alisimama pembeni akingoja zamu yake. Akatoa mfukoni pamba ya shambani kwao, akaziba masikio, akafumba macho, akawa anairudiarudia mistari yake. Injini aliisikia kwa nyayo tu, ikitetemesha ardhi. Ilikuwa raha mno humo ndani peke yake, na ndoto yake aliiona imekaribia.

Kwa hiyo hakumsikia Nyanzala, binti mshona nguo, aliyemaliza kwa kusema, "Ulichobeba ni kizito, kitue hapa tukione." Wala hakumsikia Ndaki. Ndaki aliurudia mstari huo kama desturi inavyotaka, na ulipotoka kinywani mwake ukamshinda nguvu. Alitafuta yale aliyoyaandaa, hayakuja. Basi akatua alichobeba, mbele za watu, na jiwe la mashine hakulitaja kabisa. Alimaliza kwa sauti ndogo, macho yake kwa rafiki yake: "Mama anazima kama koroboi, ndugu yangu nishike mkono." Akanyoosha mkono.

Masunga alifumbua macho, akaona mkono, akatwaa maiki iliyokuwa ndani yake. Akachomoa pamba, akajaza kifua, akaanza: "Mimi ndimi jiwe la mashine, mahindi yote hupita kwangu." Kisha akachana. Mistari ilikuwa mizuri ajabu, hilo lazima lisemwe, na pale mashineni haijapata kusikika mingine kama ile. Watu walimtazama tu, weupe, kimya. Mwenye mashine akazima injini. Masunga akaendelea kidogo bila mdundo, halafu naye akanyamaza, akangoja makofi.

Bi Kabula akamuuliza taratibu, "Masunga mwanangu, mstari huo kausema nani?"

Akageuka kumtafuta Ndaki. Ndaki alikuwa amekwisha kwenda nyumbani. Masunga akaitazama pamba mkononi mwake, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Ikabidi amuulize Nyanzala ni mstari gani Ndaki alimalizia, naye Nyanzala akamwambia, neno kwa neno, bila kumcheka. Masunga akaiweka maiki mapajani mwa Bi Kabula, akaondoka akiwa mweupe toka kichwani hadi viatuni.

Alimkuta Ndaki amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake. Akakaa karibu naye, akamshika mkono, akasema, "Mama anazima kama koroboi, ndugu yangu nishike mkono." Baada ya hapo ilimpasa kuendelea, naye hakuwa na kitu alichokiandaa. Akaanza kwa kusitasita, maneno hafifu yasiyo na vina, ya kijana asiyejua aseme nini kwa mtu anayempenda. Ndaki alilia. Mama akageuza uso wake upande wao, asikie vizuri.

Maiki bado iko kwa Bi Kabula, na vibarazani wanabishana mpaka leo nani bora wa kizazi kipya. Nawe uliyesimama ukingoja zamu yako, mwenzako aliye mbele yako amesema nini?