Viatu Pembeni ya Picha

Wapendwa, hebu leo tumtazame mama mmoja wa pwani hii hii yetu, mwenye sauti ya kwaya na mdomo usiokosa jibu. Ndiye aliyesimamia igizo la Krismasi kanisani kwao, na akishasema yeye, basi.

Mama huyu alikuwa na picha ya babu yake, na aliificha chini kabisa ya sanduku la bati. Babu alikuwa baharia. Alikwenda ng'ambo, na kabla hajarudi ikatangulia picha: mtu mzima, pekupeku, suruali imechanika gotini, kofia ya majani upande, meno yote nje, na gitaa la banjo mapajani. Nyuma yake shamba la pamba. Nyumbani wakasema mzee ameharibikiwa, amegeuka kichekesho cha Wazungu. Aliporudi hakuna aliyemuuliza, akafa hivyo hivyo. Na katika ukoo mzima hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Mnaujua ninyi wenyewe uzito wa jambo hilo.

Siku moja binti wa mama huyu, mjamzito wa miezi ya mwisho, akamwambia, "Mama, huyu akiwa wa kiume namwita jina la babu yako."

"La yule mwenye banjo? Unataka mwanao achekwe tangu kwenye nepi?"

Binti akatoa simu. Akamwekea mkononi. "Tazama. Studio ni ile ile iliyompiga babu picha, muhuri wake huu hapa chini."

Mama akatazama. Kijana mwembamba, kofia ya majani, suruali imechanika goti la kulia. Mzee wa mvi, kofia ile ile, goti lile lile. Akaja mnene, suruali imembana, tundu liko pale pale. Watu mbalimbali, banjo moja, nayo haikuwa na hata uzi mmoja. Lile shamba la pamba lilikuwa limechorwa kwenye pazia, na kunjo la kitambaa lilipita katikati ya mawingu.

"Ni nguo za studio, mama. Mtu mweusi akiingia anavishwa hizo na kuambiwa akenue. Halafu picha inauzwa kama kadi, na wanunuzi wanasema, aa, ndivyo walivyo."

Mama alifungua sanduku. Akaitazama picha ya babu, safari hii hadi ukingoni. Pale pazia lilipokomea palikuwa na kitu cheusi alichodhani miaka yote ni takataka. Vilikuwa viatu. Vimeng'arishwa, vimepangwa sawasawa, na koti limekunjwa juu yake kwa adabu.

Akakaa sakafuni. "Walimvua," akasema. "Walimvua babu yangu wakamvika upuuzi wao, na sisi tukawaamini wao." Alilia kwa uchungu na kwa aibu, na mpaka usingizi unamchukua alikuwa akiuliza ni watu wa namna gani wanaoweza kumfanyia mwenzao hivyo.

Je, jibu alilipata wapi? Subirini.

Jumamosi ikafika, mazoezi ya igizo. Mama akafungua boksi la mavazi, akatoa koti lenye viraka, la yule mchunga kondoo wa bara katika igizo, asiyejua kitu, anayekoroma malaika wakiimba. Akamwita fundi baiskeli, aliyehamia mjini kutoka bara.

"Baba, koti lako hili."

"Mama, nilidhani mwaka huu ningekuwa mmoja wa mamajusi."

"Wewe tena? Wewe ukilivaa hili tu, kanisa zima hoi."

Yule baba akasogea kando. Aliinama, akavua viatu, akavipanga ukutani sawasawa. Akavua koti lake, akalikunja, akaliweka juu ya viatu. Kisha akanyoosha mkono apokee viraka.

Mama alivitazama vile viatu. Mkono wake ulikataa kuliachia lile koti la viraka. Ndipo akasema kwa sauti isiyosikika vizuri, "Vaa viatu vyako, baba."

Ndugu zangu, ni rahisi kuwalilia waliovishwa na wageni. Je, wale tunaowavisha sisi? Dada wa kazi tumemkatia vazi la wizi kabla hajaingia jikoni. Vijana wa kijiweni tumewashonea la bangi. Watu wa bara tumewavika la ushamba. Tunawavisha, tunacheka, halafu tunaapa kwamba ndivyo walivyozaliwa. Nani humu amewahi kuangalia viatu vya mtu huyo viko wapi?

Hapa kwetu pia tuna boksi la igizo. Liko stoo, nyuma ya spika mbovu. Koti limo, mnalijua, mmelicheka. Na aliyelivaa mwaka jana ameketi nanyi asubuhi hii, amevaa viatu vyake. Ibada ikiisha, mwenye ufunguo wa stoo naomba asiondoke.